HONGO, TAKRIMA NA ZAWADI: DESTURI YA NANI?



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu, kuna swali nimekuwa nikiulizwa baada ya darsa, na kila anayeuliza hulileta kwa namna yake. Mmoja amepata hati ya kiwanja na anataka kumpelekea afisa samaki wa kumshukuru. Mwingine mwanawe amepata nafasi ya kazi. Mwingine amepewa khanga na mgombea. Wote huishia pale pale: "Shekhe, hii ni zawadi au ni rushwa?" Na kabla sijajibu, huongeza: "Kwani kukirimiana si desturi yetu?"

Leo nataka tulijibu swali hili kwa historia, kwa sababu neno hilo DESTURI halikutusumbua sisi tu wa barazani. Liliwasumbua pia watunga sheria wa nchi hii, mpaka likafikishwa Mahakama Kuu. Somo ni refu kidogo. Lisome kwa utulivu, likikufaa mfikishie na mwenzako.

1. HONGO ILIPITA HAPA HAPA KWETU

Sisi watu wa Bagamoyo hatuna haja ya kwenda mbali kuitafuta historia ya neno hongo. Karne ya 19 mji wetu ulikuwa mlango wa misafara. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu na kupanda na merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Njia ilipita Mpwapwa, ikakata Ugogo, ikaenda Tabora na kuishia Ujiji kwenye ziwa.

Ugogo ni nchi kavu, na msafara wa mamia ya watu hauwezi kupita bila maji na chakula. Mtemi wa kila eneo alikuwa na neno moja: mnakunywa maji ya watu wangu na mnalala kwenye ardhi yangu, basi toeni kwanza. Kile kilichotolewa, nguo kwa shanga, ndicho kilichoitwa hongo.

Sasa sikilizeni vizuri. Hongo ile haikuwa rushwa. Ilikuwa ushuru. Ilitolewa mchana, watu wakiona, na mfanyabiashara aliiweka kwenye hesabu zake kabla hajaondoka pwani. Lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa: haikuwa na kipimo. Msafara uliokuja na mzigo mwingi uliombwa zaidi. Mazungumzo yangeweza kuchukua siku nzima na zaidi, huku watu wanangoja na chakula kinapungua. Stanley, aliyeondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alilipa hongo Ugogo kwa mtemi mmoja baada ya mwingine, na aliandika malalamiko mengi kuhusu jambo hilo. Mtemi aliona anadai haki yake. Msafiri aliona ananyang'anywa. Hapakuwa na kitu baina yao cha kuonyesha haki inaishia wapi na dhulma inaanzia wapi.

Misafara imekwisha na watemi wale hawapo tena, lakini neno limebaki. Leo hongo ni kile anachotoa mtu ili njia ifunguliwe. Hata vijana wetu husema fulani anamhonga binti, na maana ni ile ile: anatoa ili apite. Lakini tazameni neno lilivyobadilika njiani. Mtemi aliuza maji ya nchi yake kwa mgeni. Afisa anayedai hongo leo anakuuzia maji yako mwenyewe, ambayo umeshayalipia kwa kodi.

Na lugha yetu ni tajiri sana katika mlango huu. Tuna ada, kilemba, bakshishi, mlungula, chai, kitu kidogo, asante. Baadhi ni halali kabisa. Kilemba alichopewa fundi na mwanagenzi aliyehitimu hakina ubaya, kwani kazi ilijulikana na malipo yalijulikana. Tatizo ni kwamba jina moja likichafuka, watu huhamia jingine ambalo bado lina heshima. Mwaka 2000 tulihamia kwenye neno la heshima kuliko yote.

2. KUTOKA AZIMIO HADI TAKRIMA

Baada ya uhuru nchi hii haikuwa na mchezo na jambo hili, angalau kwa maneno. Mwanachama wa TANU aliahidi kwamba hatatoa rushwa wala hatapokea. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Mwaka 1991, kwa uamuzi uliofanyika Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti hayo.

Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Shabaha yake ni njema. Inamtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake na asikitumie cheo kujinufaisha. Inamkataza kuomba au kupokea manufaa ya kiuchumi kutoka kwa watu. Lakini baada ya kukataza, ikaacha mlango: isipokuwa zawadi za hapa na pale, ukarimu wa kimila, na manufaa yenye thamani ndogo. Thamani ndogo unaweza kuipima kwa shilingi. Ukarimu wa kimila utaupima kwa nini?

Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba kuchunguza rushwa. Tume ilizunguka, ikasikiliza, na mwaka huo huo ikatoa taarifa kwamba rushwa imeenea juu mpaka chini. Ikatofautisha rushwa ya wadogo wanaosukumwa na ugumu wa maisha na rushwa ya wakubwa wanaosukumwa na tamaa.

Mtu angetegemea kwamba baada ya taarifa ile sheria zingebana zaidi. Lakini mwaka 2000, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, Bunge lilirekebisha Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 1985. Katika kifungu cha 119 yaliongezwa maneno ambayo maana yake ni hii: jambo lililofanywa kwa nia njema kama ukarimu wa kawaida au wa kimila halitahesabiwa kuwa ni kuwashawishi wapiga kura. Na gharama za kawaida zilizotumika kwa nia njema katika kampeni nazo hazitahesabiwa hivyo.

Wananchi wakalipa jambo hilo jina: TAKRIMA. Ndugu zangu, hili ni neno lenye nasaba ya juu. Linatoka kwenye mzizi ule ule wa karama na ukarimu, na Karimu ni katika majina ya Mola wetu. Neno kama hilo likavishwa sare ya kampeni na kutumwa kugawa pilau.

Chukua maneno matatu ya sheria ile uyatazame: NIA NJEMA, KAWAIDA, KIMILA. Hakuna hata moja lenye kipimo. Sahani ngapi za pilau ni za kawaida, mia au elfu tano? Khanga moja kwa kila mama ni mila ya kabila gani? Na nia iko moyoni, Allah pekee ndiye anayeijua. Hakimu wa dunia anahukumu yanayoonekana. Ukimpa sheria inayomtaka aamue kwa nia ya mgombea, umemnyang'anya mizani, kisha unamlaumu kwamba hakupima.

3. MAHAKAMA INAULIZA

Asasi tatu za kiraia, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT na NOLA, zilikwenda Mahakama Kuu kumshitaki Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Hoja yao ilikuwa kwamba vifungu vya takrima vinavunja Katiba. Aprili 2006, majaji watatu, Kimaro, Massati na Mihayo, walitoa hukumu: vifungu vile ni kinyume cha Katiba na vinafutwa.

Sababu zao zinafaa kujulikana na kila mwananchi. Ya kwanza ni usawa. Mwenye mali na asiye na mali wanagombea kiti kimoja, lakini sheria inamruhusu mmoja kukirimu na mwingine hana cha kukirimu. Mfikirie mvuvi wa Kaole mwenye akili na uaminifu anayetaka udiwani, anashindana na mtu aliyekuja na lori la mchele. Sheria haikusema mvuvi asigombee, lakini ilimfungia mlango kwa ufunguo wa sahani. Sababu ya pili ni haki ya mpiga kura mwenyewe kumchagua kiongozi wake kwa uhuru. Aliyeshiba kwa mkono wa mtu anasitasita kumkataa mtu huyo.

Baadaye, mwaka 2010, ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo Rais Jakaya Kikwete, mwenyeji wa Msoga katika wilaya yetu hii, aliitia saini hadharani. Sheria hiyo iliweka viwango vya matumizi na kutaka vyama na wagombea waeleze fedha zao zinatoka wapi. Hiyo ni hatua, kwa sababu kiwango ni kitu unachoweza kukihesabu.

Lakini hukumu haikuliondoa swali mioyoni. Wapo mpaka leo wanaosema: "Wazungu wametuharibia, kwetu mtu akija lazima kuwe na chochote."

4. BASI TUIPIME KWA DESTURI YENYEWE

Haya, tukubali kwamba desturi ndiyo hakimu. Sisi tuliolelewa pwani tunaijua desturi ya ukarimu: mwenyeji ndiye anayemkirimu mgeni. Mgombea anapokuja mtaani kwako yeye ni mgeni, na wewe ndiye mwenyeji. Katika takrima mambo yamepinduka. Mgeni anakuja na sufuria zake, mchele wake na ng'ombe wake, anapika kwenye uwanja wako, na wewe mwenyeji unapanga foleni.

Mtu atanijibu kwa methali: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ni kweli, mgeni huja na heri. Lakini mgeni wa methali ile hakuja kuchukua saini yako. Na kama mtu huyu kweli ana desturi ya kukirimu, kwa nini ukarimu wake unafuata kalenda ya Tume ya Uchaguzi? Mbona miaka minne hatukuiona sufuria yake, tumeiona mwaka wa tano?

Hapo ndipo ilipo siri ya jambo zima. Sheria zetu ziliposema mila na desturi hazikuuliza: DESTURI YA NANI, NA NANI, TANGU LINI? Swali hili dini yetu imekwisha kuliuliza zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

5. MADINA ILIVYOLIJIBU

Wamepokea Bukhari na Muslim kisa cha mtu wa kabila la Azd anayeitwa Ibn al-Lutbiyya. Mtume (s.a.w.) alimtuma kukusanya zaka za Bani Sulaym. Aliporudi alitenga mali mafungu mawili, akaeleza kwamba hili ni lenu na hili mimi nimezawadiwa.

Hakuiba. Hakuficha. Alitangaza mwenyewe, jambo ambalo hata sheria za leo zingemsifu. Na waliompa huenda walimpa kwa nia njema kabisa. Pamoja na hayo, Mtume (s.a.w.) alipanda mimbari akalikemea jambo hilo mbele za watu. Aliuliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, ikaonekana kama zawadi ile ingemfuata. Kisha akaonya kwamba anayechukua kitu kwa njia hiyo atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni.

Tazameni kipimo kilivyo wazi. Mtume (s.a.w.) hakuuliza thamani ya zawadi, hakuuliza nia, wala hakuuliza mila ya Bani Sulaym. Aliuliza kama zawadi imekuja kwa mtu au imekuja kwa cheo. Mvue cheo, mrudishe kwao, kisha uone kama samaki wale bado watafika mlangoni.

Juu ya msingi huo wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata pwani hii, walijenga hukumu ya zawadi za kadhi. Mwenye shauri mbele ya kadhi, zawadi yake haipokelewi, hata kama alikuwa na mazoea ya kumpa. Asiye na shauri lakini hakuwa akimpa kabla hajawa kadhi, naye haipokelewi. Asiye na shauri, aliyekuwa akimpa tangu zamani, na sasa akatoa kiasi kile kile cha siku zote, huyo yapokelewa, na hata hapo ni bora kadhi amlipe mfano wake. Kama alikuwa akileta kapu la maembe na sasa analeta mbuzi, hiyo si desturi tena.

Mnaona? Fikihi nayo imetumia neno desturi, lakini haikuliacha likielea. Imesema desturi ya watu wawili hawa, kabla ya cheo, kwa kiasi kile kile, bila shauri mkononi. Hayo ni mambo yanayoweza kushuhudiwa, na shahidi anaweza kuulizwa. Wamesimulia pia wanahistoria wetu kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alikuwa akiorodhesha mali za magavana wake anapowateua, na ziada isiyoeleweka akiichukulia sehemu yake kwenye Baitulmali. Na Umar bin Abdul-Aziz alipoletewa matunda ya tufaha akiwa khalifa aliyarudisha. Alipokumbushwa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akipokea zawadi, alijibu kwa maana kwamba kwa Mtume ile ilikuwa zawadi, na kwa watawala wa leo ni rushwa.

Majirani zetu Kenya walikaribia kipimo hiki. Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 76, inasema kwa maana kwamba zawadi anayopewa ofisa wa dola katika hafla ya umma au ya kiserikali ni zawadi ya Jamhuri, na ikabidhiwe kwa dola, isipokuwa ile iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge. Huo ndio moyo wa kisa cha Ibn al-Lutbiyya: umepewa kwa sababu ya kiti, basi ni mali ya wenye kiti. Lakini nako ufa upo. Imetajwa zawadi ya hafla. Je, ile inayopelekwa nyumbani saa tatu usiku, bila hafla? Na sheria yao ya uongozi na uadilifu ya mwaka 2012 inaruhusu zawadi isiyo fedha iliyo ndani ya mipaka ya kawaida ya adabu. Kawaida tena! Neno hili limesafiri kuliko misafara ya Bagamoyo.

6. SISI TUNASIMAMA WAPI

Ndugu zangu, ni rahisi kuwalaumu wabunge na mawaziri. Tujitazame na sisi.

Kwanza, mpiga kura. Siku ya kura wewe ndiye kadhi. Wagombea wote wana shauri mbele yako, na tumekwisha kusema kwamba kadhi hapokei kitu kwa mwenye shauri, hata kama ni rafiki yake wa zamani. Kura yako ni amana. Khanga ile itachakaa kabla ya Ramadhani ya pili, na hukumu uliyoitoa itakaa miaka mitano. Barabara isipopita, dawa zisipofika zahanati, jua kwamba wanaoumia ni pamoja na yatima ambaye hakupata hata sahani ile ya pilau.

Pili, sisi maimamu na kamati za misikiti. Mtu analeta mazulia msikitini mwezi wa kampeni, na anataka tumtangaze baada ya swala ya Ijumaa. Tutumie vipimo vile vile. Je, alikuwa akileta kabla hajataka cheo? Kiasi ni kile kile? Ana shauri kwetu? Kama majibu yanamkataa, tumwambie kwa adabu: kaka, Allah akulipe, nyumba hii ya Mola wako ipo na uchaguzi ukipita itakuwepo, uje uyatoe wakati huo bila kutangazwa. Mwenye ikhlasi hatachukia. Atakayechukia amekujibu mwenyewe kwa nini alikuja.

Tatu, yule mwenye samaki wa kushukuru. Afisa analipwa mshahara kwa kazi ile. Kama hukuwa ukimpelekea samaki kabla hujapata shida ya hati, usianze leo. Ukitaka kumshukuru, mwombee dua, na mwandikie mkubwa wake barua ya kumsifu kazi. Barua hiyo haitamfungia njia mwenzako anayekuja kesho bila samaki. Maana madhara makubwa ya zawadi za namna hii humpata huyo wa kesho. Afisa akizoea kushukuriwa, asiye na cha kushukuru ataambiwa faili halionekani.

Na nne, yule anayelazimishwa. Mama anataka cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na anaambiwa bila kitu hapati. Wanachuoni wengi wamesema kwamba aliyedhulumiwa haki yake, akakosa njia nyingine kabisa, akatoa ili aipate haki yake tu, dhambi iko kwa aliyepokea. Lakini msiugeuze mlango huu mwembamba kuwa barabara. Hukumu hiyo ni kwa haki yako isiyo na shaka, bila kumruka mwingine, na baada ya njia nyingine kwisha. Leo sheria ya nchi inamshika mtoaji na mpokeaji, na TAKUKURU ipo kwa ajili ya kuripotiwa. Pita huko kwanza. Ama anayetoa ili apate kisicho haki yake, huyo na mpokeaji wake wameingia wote katika laana aliyoitaja Mtume (s.a.w.).

KWA UFUPI

Watemi walikosa kipimo, na hongo ikawa ugomvi. Sheria ya mwaka 2000 ilikosa kipimo, na ukarimu ukawa biashara. Watunga sheria wakitaka kuandika juu ya zawadi za viongozi, nawashauri wayaache maneno kawaida, kimila na nia njema, na waweke maswali yanayoweza kujibiwa na shahidi: mlikuwa mkipeana kabla ya cheo? Kiasi gani? Mtoaji ana shauri gani ofisini kwako? Na wewe ndugu yangu, bahasha ikija mkononi, usingoje Bunge. Jiulize swali la Madina: ningekuwa nimekaa tu nyumbani kwa mama yangu, hii ingenifuata?

Ee Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako, utupe viongozi wanaoogopa kusimama mbele yako, na utujaalie sisi kuwa wapiga kura wasionunuliwa. Aamin.

Wallahu a'alam. Wabillahi tawfiq.